Bi Mkubwa wa Kabatini

Mbele yake walimwita Mama. Akishageuza mgongo walimwita Mama Pua, naye alilijua hilo na wala halikumuudhi, kwa sababu pua hiyo ndiyo iliyomlisha miaka kumi na minane. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila mzigo wa manukato uliovuka mpaka kwenda kwenye duka la bila ushuru, lile la vioo lililo upande wa pili wa geti, ulipita kwanza mezani kwake. Akisema halisi, unapangwa rafuni. Akisema bandia, unavunjwa chupa moja moja nyuma ya ghala, na aliyeuleta anaondoka na polisi.

Siku hiyo, saa nane mchana, aliyeleta mzigo alikuwa shemeji yake.

Alisimama upande wa pili wa meza, shati limemganda mgongoni, bahasha ya karatasi zake ameishika kwa mikono miwili. Huyu alikuwa mume wa mdogo wake Mama Pua, mdogo wake wa pekee. Miaka mingi aliendesha magari ya watu. Leseni ya uwakala wa mizigo alikuwa nayo kwa miezi mitatu tu, na hizi katoni arobaini ndizo zilikuwa manukato yake ya kwanza.

"Shikamoo, shemeji."

"Hapa hakuna shemeji," alisema Mama Pua bila kuinua macho. "Hapa kuna mkaguzi. Weka karatasi hapo, rudi nyuma ya mstari."

Shemeji akarudi nyuma ya mstari wa rangi ya njano. Mama Pua hakuwa na roho mbaya, ila mkuu wa kituo alikuwa ameegemea mlangoni, mikono kifuani, anabonyeza kalamu yake tak, tak, tak. Kituo kizima kilijua kuwa leo Mama Pua anamkagua mtu wa nyumbani kwake. Tangu asubuhi walikuwa wakichungulia dirishani kwa zamu, kila mmoja na kisingizio chake, mara anatafuta stepla, mara anauliza saa.

Na mwenye sifa ya ukali ana shida yake: hata siku anayotamani kulegeza, anaogopa watasemaje. Sifa ya Mama Pua haikuwa ya mchezo. Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja mwenye kilemba cha kijani na katoni sita, mtaji wake wote. Mama Pua alinusa, akatikisa kichwa. Yule mama akaapa, akalia, akapiga magoti kwenye sakafu hii hii ya simenti, na Mama Pua akamfungia dirisha hadi polisi walipomwondoa. Jioni ile mkuu alimsifu mbele ya wafanyakazi wote, naye alitembea kifua mbele wiki nzima.

Akavuta katoni ya kwanza, akachomoa boksi moja.

Kwanza macho. Nailoni ya juu ilikuwa imekaza, mikunjo yake miwili imelingana, gundi haijatapakaa. Namba iliyopigwa chini ya boksi ilikuwa ile ile iliyopigwa chini ya chupa. Kifuniko kilikuwa kizito. Alitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga: mapovu yalikawia kupotea, kama inavyotakiwa. Shemeji aliyafuata mapovu yale kwa macho bila kujua yana maana gani.

"Mpaka sasa?" aliuliza mkuu.

"Macho hayana neno," alisema Mama Pua. "Tumtoe Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa hakuwa mtu. Ilikuwa chupa ya manukato hayo hayo, iliyotoka katika mzigo wa kwanza kabisa, miaka mitatu iliyopita, ulioletwa na watu wa kiwandani wenyewe. Alikaa kwenye kabati la chuma lenye ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulining'inia shingoni mwa Mama Pua hata akienda kuoga. Kila chupa mpya iliyofika ililetwa kumsalimia. Iliyofanana naye ilikuwa halisi, isiyofanana naye ilikuwa bandia, na hakuna mtu kituoni aliyewahi kubishana na Bi Mkubwa.

Akachukua vikaratasi viwili vyeupe, vyembamba. Kimoja akakipulizia manukato ya Bi Mkubwa, cha pili ya mzigo, akaviandika kwa penseli na kuvibana kwenye kishikio chake cha waya. Harufu ya mwanzo haina maana, hata mwizi anaijua. Waigaji huumbuka baada ya nusu saa, manukato yakishakauka na kubaki ile harufu ya chini kabisa, ambayo ni ghali kuiiga.

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Feni ya mezani ilizimwa isije ikachanganya hewa, chumba kikawa tanuri. Simu ya shemeji ilitetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

"Ni mdogo wako," alisema shemeji kwa sauti ya chini. "Anataka kujua kama nimepita."

"Usipokee."

Hakupokea. Mkuu alibonyeza kalamu. Saa ya ukutani ilipofika mahali pake, Mama Pua alifuta mikono, akainua kikaratasi cha Bi Mkubwa, akafumba macho, akanusa. Akanusa cha mzigo. Akarudia cha Bi Mkubwa. Cha Bi Mkubwa kilikuwa na utamu mkali, wa kukwaruza kidogo nyuma ya koo. Cha mzigo kilikuwa laini, kimetulia, kina harufu ya mbao kavu. Havikufanana hata kidogo.

Moyo ulimshuka hadi kwenye kandambili. Akaona uso wa mdogo wake, akaufukuza. Akajikaza.

"Bandia," alisema.

Mkuu akaacha kubonyeza. "Una uhakika?"

"Lini uliniona sina uhakika?"

"Basi naita polisi. Nikirudi utie saini fomu." Alimtupia jicho shemeji, akamrudishia Mama Pua jicho lenye heshima tele. "Pole, mama. Wengine wangepitisha." Akatoka, na askari wa geti akasimama mlangoni mahali pake.

Shemeji hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa taratibu juu ya katoni moja, kisha akakumbuka kuwa ni ya ushahidi, akainuka, akachuchumaa ukutani.

"Nimeuchukua mwenyewe kwenye ghala la msambazaji," alisema. "Nimelala ndani ya gari nao siku mbili. Mdogo wako nitamwambia nini?"

Mama Pua alijishughulisha kumfunga Bi Mkubwa kifuniko.

"Samahani, nikuulize kitu, mama mkaguzi. Mimi sijui manukato. Hiyo chupa ni mwaka wa tatu huu unaitumia?"

"Ndiyo."

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Mzigo ukiwa mwingi, mara mbili, mara tatu."

"Basi ina baraka," alisema shemeji, akajaribu kucheka ili asilie. "Mdogo wako chupa kubwa ya mafuta ya nywele haifiki mwezi. Hiyo miaka mitatu, na bado iko nusu."

Mama Pua alifungua kinywa ajibu, na kinywa kikabaki wazi. Aliitazama chupa. Kweli ilikuwa nusu, na zaidi ya nusu. Na alijua ni nani aliyeijaza.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa baridi. Bi Mkubwa alikuwa amebakiza vidole viwili. Utaratibu unasema uandikie kiwandani, usubiri miezi minne waje na chupa nyingine, na wakati huo wote mizigo ilale. Nani angekubali? Akachukua chupa moja rafuni, katika mzigo alioupitisha wiki ile ile mwenyewe, akamwongezea Bi Mkubwa. Manukato ni yale yale, alijiambia. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuona cha kuambia.

Ila wiki ile alikuwa na mafua. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe: Mama Pua mzima, pua imeziba haisikii hata mafuta ya taa, na hakutaka kusema. Angeanzia wapi? Wangemcheka hadi wastaafu. Mzigo ule aliukagua kwa macho tu, akanusa kwa kuigiza, akasema halisi. Mafua yalipokwisha, akamnusa Bi Mkubwa na kuona amebadilika kidogo, ana utamu ambao haukuwepo. Akasema ni mabaki ya mafua. Wiki iliyofuata akazoea, na baadaye akasahau kabisa kwamba kuna siku ulikuwa haupo.

Kwa hiyo mwaka mzima bandia zilikuwa zikija kumsalimia bandia mwenzao, zinafanana, zinapita na saini yake. Na halisi ikifika, inafukuzwa. Magoti ya yule mama wa kilemba cha kijani yalikuwa hapo, hatua mbili kutoka alipochuchumaa shemeji.

Nisimpambe: jambo la kwanza alilofikiria ni kunyamaza. Hakuna aliyejua. Shemeji mwenyewe hakujua alichouliza, alikuwa anatazama viatu vyake. Akisema, atamwaga unga, na huenda na yeye akapandishwa gari hilo hilo la polisi. Miaka kumi na minane, jina lote, yanakwenda kwa chafya moja. Asiposema, shemeji atakaa ndani miezi kadhaa, watamtafutia wakili, atatoka. Leseni haitarudi, lakini si alikuwa dereva? Atarudi kuendesha. Alilipanga vizuri kabisa jambo hilo kichwani, na kadiri alivyolipanga ndivyo lilivyozidi kunuka.

Akafikiria pia njia ya katikati: aseme amenusa tena, mzigo ni halisi, basi. Lakini watasema amemhurumia mtu wake, mkuu ataita mkaguzi wa kituo kingine, na mkaguzi huyo ataomba kitu gani cha kulinganishia? Atapewa Bi Mkubwa.

Mkuu akarudi na fomu, akaiweka mezani, akaweka na kalamu juu yake. "Wako njiani. Saini hapa chini."

Mama Pua aliichukua kalamu. Akaishika. Akairudisha juu ya fomu.

"Siwezi."

Mkuu akashusha pumzi. "Mama. Najua ni mume wa mdogo wako, inauma. Lakini umeshasema."

"Siyo hivyo. Mzigo ni halisi. Bandia ni Bi Mkubwa."

Askari wa mlangoni aligeuka. Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aambiwe ni utani, kisha akaacha. Mama Pua alisema yote, mafua, chupa ya rafuni, utamu wa nyuma ya koo. Alisema amesimama, na hakuacha hata moja. Shemeji aliinuka ukutani taratibu, mdomo wazi.

"Dakika chache zilizopita ulikuwa na uhakika," alisema mkuu, "na sasa una uhakika. Nikuamini upi? Watu watasema umebuni hadithi umwokoe shemeji yako. Hata mimi nasema hivyo. Unao ushahidi?"

Alikuwa nao, au pengine alikuwa nao. Mzigo ule wa kwanza, wa watu wa kiwandani, ulipofika, mdogo wake alikuwa anaolewa, na Mama Pua alimnunulia chupa moja humo humo dukani. Kama bado ipo.

Aliichukua simu ya shemeji, ambayo ilikuwa inatetemeka tena, akaipokea yeye.

"Dada? Mbona unapokea wewe? Yuko wapi?"

"Yupo. Nisikilize. Ile chupa niliyokupa siku ya harusi, umeitumia?"

"Chupa gani? Yale manukato? Nani ayatumie kwenda sokoni! Nimeyaweka, dada, nangoja siku ya maana."

"Na nailoni yake?"

"Na nailoni yake. Kuna nini?"

"Siku yenyewe ndiyo hii. Panda pikipiki uje nayo mpakani, sasa hivi."

Mkuu alitazama saa. "Geti linafungwa saa kumi na mbili. Likifungwa, fomu inakwenda kama ilivyo, na jina lako linaongezwa."

Polisi walifika kwanza, wawili, wakamweka shemeji katikati yao kwenye benchi. Saa kumi na moja kasoro mdogo mtu aliingia mbio, viatu vimejaa vumbi, kifuani amekumbatia kitu alichokizungushia taulo la mtoto. Alimwona mumewe, akawaona polisi, akamwona dada yake nyuma ya meza.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Nipe chupa."

"Nijibu kwanza!"

"Nimesema mzigo wake ni bandia. Nimekosea. Chupa hiyo ndiyo itakayosema."

Mdogo wake alitoa taulo, lakini boksi hakuliachia. "Na ikisema vingine? Niwe nimemfunga mimi, kwa zawadi yangu ya harusi?"

"Ikisema vingine, nitakuwa nimewaharibia wote wawili. Sijui, mdogo wangu. Nadhani, lakini sijui."

Wakatazamana. Kisha mdogo mtu akalisukuma boksi mezani na kugeukia ukuta.

Safari hii mkuu hakumwachia kazi peke yake. Alifungua nailoni mwenyewe, akapulizia vikaratasi vitatu, cha Bi Mkubwa, cha mzigo na cha harusi, akaviandika kwa nyuma na kuvichanganya huku amempa Mama Pua mgongo. Nusu saa nyingine. Nje, malori yalikuwa yanawasha injini kuwahi geti, na polisi mmoja alikuwa akitazama saa yake kila mara.

Saa kumi na moja na nusu, Mama Pua akavuta kiti. Akainua kikaratasi cha kwanza. Mbao kavu. Akakiweka kushoto. Cha pili, na kabla hakijafika puani koo lake lilikuwa limekwaruzwa. Akakiweka kulia. Cha tatu alikishika muda mrefu. Alinusa, akapumzika, akanusa tena, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima akinusa kweli. Akakiweka kushoto.

Mkuu akavigeuza. Kulia: Bi Mkubwa. Kushoto: mzigo na harusi. Alivinusa na yeye, mtu asiyejua tofauti ya manukato na sabuni ya kufulia, akakunja uso. "Hata mimi naisikia," alisema polepole.

Shemeji alifunika uso kwa bahasha yake akalia waziwazi, mbele ya polisi. Mkewe akamkimbilia. Polisi walikunja karatasi zao, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Mdogo mtu alipopita mezani alimshika dada yake mkono, akaubana sana, kisha akauachia ghafla, kama aliyekumbuka kitu, akatoka na mumewe. Chupa aliiacha.

Wakabaki wawili. Mkuu alifunga mlango.

"Mzigo upite," alisema. "Hiyo takataka imwage kwenye sinki, hii ya harusi ikae kabatini. Yaishie humu humu ndani. Wewe ni mtu wetu, mama, na mimi pia nilitia saini chini ya zako zote."

Nafuu ilimpitia Mama Pua mwili mzima. Shemeji ametoka. Kazi ipo. Alikuwa tayari ameshaiinua chupa ya Bi Mkubwa na kusogea kwenye sinki. Pale kwenye sinki palikuwa na dirisha, lile lile alilomfungia mtu mwezi wa tatu.

Akaiweka chupa chini.

"Nipe faili la mwezi wa tatu, mkuu. Halafu niandikie hiyo fomu, kwa jina langu."

Mkuu alisema mengi, mengine ya upole na mengine ya vitisho. Mama Pua alisubiri hadi mkuu alipochoka. Faili lilipoletwa, alipitisha kidole hadi kwenye katoni sita, akaikuta namba ya simu, akaipiga kwa simu yake mwenyewe. Iliita mara nyingi.

"Nani mwenzangu?" Nyuma ya sauti vyombo vilikuwa vinaoshwa.

"Ni mimi mama, mkaguzi wa mpakani. Yule wa dirishani."

Vyombo vikanyamaza.

"Mzigo wako ulikuwa halisi," alisema Mama Pua. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Mimi nilikuwa najua," alisema yule mama. "Nilikuwa nakwambia wewe." Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua: "Na zile chupa zangu, mlishazivunja?"

"Zote," alijibu Mama Pua. "Nilisimama pale nikazihesabu."